Ukiumizwa hospitali: ya kufanya kabla hujagonga mlango wa wakili

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Dodoma mjini. Wengi wanaokuja kwangu na malalamiko ya uzembe wa kitabibu hufika na hasira nyingi na karatasi chache. Hasira naielewa, ila hakimu haipokei kama kielelezo. Nenda hivi.

Hatua ya 1: Mgonjwa atibiwe kwanza

Mpeleke hospitali nyingine. Daktari wa pili ataandika alichokikuta: kidonda kina usaha, mfupa umeunga vibaya. Maandishi hayo ya mtu asiye na upande yana uzito. Usimwombe aandike kwamba mwenzake kakosea. Atakataa, na wala huhitaji.

Hatua ya 2: Nunua daftari

Andika leo, kabla ndugu hawajaanza kukumbushana na kuchanganyana. Mama mmoja wa Kongwa, ambaye bintiye alijifungua kwa upasuaji, aliniletea ukurasa mmoja wa penseli:

"Jumanne saa 2 usiku nimemwambia nesi binti yangu anatetemeka, shuka limelowa. Kasema daktari atapita asubuhi. Saa 7 usiku nimerudia, nesi mwingine, mrefu, ana miwani. Daktari kaja saa 4 asubuhi."

Hakuna tusi, hakuna "walitaka kumuua". Kuna saa. Tulipopata nakala za wodini, karatasi ya joto na presha ilikuwa tupu tangu saa 2 ile ya usiku hadi saa 4 asubuhi. Hapo nikavuta kiti karibu.

Hatua ya 3: Omba nakala za faili kwa barua

Kwa barua, si kwa mdomo dirishani. Mwandikie Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali. Taja jina la mgonjwa, namba ya faili, tarehe za kulazwa, na orodhesha unachotaka: maelezo ya daktari, karatasi za wauguzi, majibu ya maabara, fomu ya ridhaa ya upasuaji, karatasi ya ruhusa. Itaje Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayompa mtu haki ya kupata taarifa zake. Kama mgonjwa ni mtu mzima na ana fahamu zake, asaini yeye mwenyewe.

Chapa nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usipopata muhuri, mwezi ujao utaambiwa barua haikufika. Ukijibiwa "faili halionekani", usiondoke kichwa chini: hospitali nyingi za serikali sasa zinatunza kumbukumbu kwenye mfumo wa kompyuta, basi omba zichapwe.

Risiti za dawa na tiketi za basi usitupe. Kidonda kipige picha kila siku.

Hatua ya 4: Pima kama ni uzembe kweli

Hapa wateja hununa. Mgonjwa anaweza kufa mikononi mwa daktari aliyefanya kila kitu sawasawa. Swali ni kama mtaalamu makini wa fani hiyohiyo, katika mazingira yaleyale, angefanya vile, na kama kosa hilo ndilo lililoleta madhara. Sehemu ya pili ndiyo ngumu, na bila daktari wa kuieleza mahakamani utahangaika. Mwaka 2007, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Kesi inayojisemea namna hiyo ni nadra.

Hatua ya 5: Hesabu siku

Madai ya fidia kwa uzembe yana ukomo wa miaka 3. Kama hospitali ni ya serikali, hata ya halmashauri, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Ya binafsi haina sharti hilo. Mgonjwa akifariki, familia ianze mapema kuteua msimamizi wa mirathi, maana ndiye atakayedai kwa niaba yake.

Hatua ya 6: Mtafute wakili, si kishoka

Vishoka, wanaojifanya mawakili, wanazunguka mahakamani na mabahasha kwapani. Jina la wakili litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na ada mkubaliane kwa maandishi. Huna fedha? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Watakushauri na kukuandalia barua, ila kukuwakilisha mahakamani hawaruhusiwi.

Hatua ya 7: Jua unataka nini

Baraza la Madaktari Tanganyika, na lile la Uuguzi na Ukunga kwa manesi, yanaweza kumwadhibu mtumishi hata kumfutia usajili. Fidia hawakulipi, hiyo ni kazi ya mahakama. Unaweza kwenda kote kuwili.

Yule mama wa Kongwa nilipomuuliza, hakutaja fedha. Alitaka kujua kwa nini daktari hakuitwa usiku ule. Barua yetu ya kwanza kwa hospitali iliuliza hilo tu.