Jinsi ya Kutengeneza Mafuta ya Rozimari kwa Ngozi ya Uso

Rozimari, ambayo wakazi wengi wa Nairobi huipanda kama ua na kuikumbuka siku ya kuchoma nyama tu, ina asidi ya kanosiki, antioksidanti inayoyeyuka katika mafuta na ambayo viwanda vya vyakula huitumia kuzuia mafuta yasichache. Kwenye ngozi, kazi inayotarajiwa ni kuzima molekuli haribifu zinazochochewa na miale ya urujuanimno, ambazo huchangia kuvunjika kwa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na kutokea kwa makunyanzi. Ushahidi mwingi umetoka maabara, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mafuta haya yatakurudishia ujana.

Kwanza, chuma matawi yaliyo mbali na moshi wa barabara, yaoshe, kisha uyaanike kivulini mpaka majani yavunjike yakifinywa. Usiharakishe hapa, kwani unyevu ukibaki ndani ya mafuta hukaribisha kuvu na bakteria. Katika baridi ya Julai majani hukawia kukauka, na ni afadhali kungoja kuliko kuyaanika juani.

Pili, ponda gramu 20 za majani makavu, uyatie katika chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, kisha umimine gramu 100 za mafuta ya alizeti.

Tatu, tandika kitambaa ndani ya sufuria ya maji, simamisha chupa juu yake, uipashe kwa moto mdogo muda wa saa tatu. Maji yasichemke: ingawa kwa mwinuko wa Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hata joto hilo ni kali mno, na nyuzi 50 hadi 60 zinatosha. Mafuta yakipoa, yachuje, uyahifadhi kabatini katika chupa ya kahawia, na uyamwage mara tu yanapoanza kunuka kuchacha.

Wapo wanaoongeza ndimu ili kung'arisha uso. Usifanye hivyo, kwa sababu maji ya ndimu yakikutana na jua huweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi.

Kabla ya kupaka usoni, jaribu tone moja ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili. Pakiwasha au kuwa pekundu, acha. Pasipokuwa na tatizo, paka matone mawili au matatu usiku, juu ya ngozi yenye unyevunyevu. Asubuhi bado utahitaji losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, kwani mafuta haya hayazuii miale.