Kuomba Nafasi ya Uhandisi Katika Vyuo Vikuu vya Nje: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Mwanza

Mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) anayetaka kusomea uhandisi nje ya nchi kwa kawaida huanza kwa kutafuta orodha ya vyuo bora duniani, ilhali swali la kwanza ni nani atakayelipa. MIT ya Marekani haitazami uwezo wa kifedha wa mwombaji inapoamua nani apokelewe, awe Mmarekani au mgeni, na humpa aliyepokelewa msaada wa kufidia kiasi ambacho familia yake haikimudu. Lakini hupokea chini ya waombaji 5 katika kila 100, na ushindani wa wageni ni mkali zaidi. KAIST ya Korea Kusini hufundisha kozi nyingi kwa Kiingereza na imekuwa ikiwapa wanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza ufadhili wa ada. ETH Zürich ya Uswisi hufundisha shahada ya kwanza kwa Kijerumani, na TUM ya Munich, Ujerumani, ambayo wengi bado wanaamini ni ya bure, ilianza mwaka 2024 kuwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 2,000 hadi 3,000 kwa muhula. Omba katika nchi mbili au tatu, kwa sababu masharti ya viza za wanafunzi, hasa ya Marekani, hubadilika na yanaweza kukukwamisha hata baada ya kupokelewa.

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai, wakati vyuo vingi vya Marekani na Uingereza huwa vimeshafunga maombi kati ya Oktoba na Januari iliyotangulia. Hivyo unaweza kuomba ukiwa bado darasani, kwa matokeo ya kidato cha nne, ripoti za mihula na makadirio ya walimu, au ukamaliza mtihani kwanza na kuomba katika msimu unaofuata. Kwa maoni yangu njia ya pili inawafaa wengi kuliko wazazi wanavyodhani.

Kinachopuuzwa zaidi ni karatasi za shule. Katika mtihani wa kidato cha sita A huanzia alama 80 na B ni 70 hadi 79, na aliyesoma Fizikia huku hashangai kuona 72 ikiongoza darasa. Msomaji wa maombi kule Marekani, ambako 72 kwa kawaida ni C, atadhani amekutana na mwanafunzi wa wastani. Mwombe mkuu wa shule aambatanishe ukurasa mmoja unaoeleza madaraja ya NECTA (Baraza la Mitihani), idadi ya wanafunzi darasani, nafasi yako na hali ya maabara. MIT hutaka pia barua mbili za walimu, moja ya mwalimu wa Hisabati au sayansi na nyingine ya mwalimu wa lugha au masomo ya jamii. Kwa mwana-PCM huyo wa pili huwa ni mwalimu wa GS (General Studies), au yule aliyemfundisha Kiingereza kidato cha nne. Wape walimu mwezi mzima, hakikisha wana baruapepe wanayoifungua, na uwakumbushe mambo mahususi, kama jaribio mliloshindwa na jinsi ulivyogundua kosa. Barua inayosema tu kwamba una nidhamu na heshima haimwambii mtu lolote kuhusu mhandisi.

MIT hudai SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani. SAT sasa hufanywa kwenye kompyuta au tableti yenye programu ya Bluebook, simu haikubaliki, na ndani yake kuna kikokotoo cha kuchora grafu ambacho aliyelelewa na kitabu cha four figure (majedwali ya hisabati) anapaswa kukizoea mapema. Ukipangiwa kituo cha mkoa mwingine, ingiza nauli na malazi kwenye hesabu.

Katika insha, karibu kila mwombaji wa huku atavutiwa kuandika juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Ni daraja zuri, ila hukulijenga wewe. Aliyewasaidia wavuvi wa dagaa kujua kwa nini betri ya taa zao inakata kabla ya alfajiri, akapima mkondo wa umeme, akabadilisha nyaya zilizoshika kutu na kuandika ilidumu saa ngapi baada ya hapo, ana insha hata kama taa ilizimika tena.

Maombi ya Uingereza hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo, ambako unachagua kozi zisizozidi tano. Siku ya mwisho kwa Oxford na Cambridge ni 15 Oktoba, saa 12 jioni ya Uingereza, yaani saa 2 usiku kwetu. Ile ya Januari, ya kozi nyingine nyingi, kwa saa hiyohiyo ya kwao, ni saa 3 usiku kwetu kwa kuwa wakati huo wamesharudisha saa nyuma. Usingoje jioni hiyo.

Linganisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA kabla ya kwenda Uhamiaji kuomba pasipoti, kwani herufi moja iliyotofautiana hurekebishwa kwa kiapo na kwa muda mrefu. Mwisho, dirisha la maombi ya vyuo vya ndani na lile la mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) yakifunguliwa, omba pia huko, hata kama bado unasubiri viza.