SOMO: Namna ya kuvunja sare kwenye mtoano wa chesi, kuanzia rapidi hadi Amagedoni

Wakuu, salaam.

Mwaka jana nilikuwa mwamuzi kwenye mtoano mdogo wa sataranji, yaani chesi. Washiriki 16, ukumbi wa kuazima, saa za kidijitali mbili tu, meza nyingine zinatumia simu. Nusu fainali moja ikaisha 1–1. Tukaongeza gemu, sare. Tukaongeza nyingine, sare tena. Saa mbili usiku mlinzi anachezesha funguo mlangoni, ndipo tukagundua hakuna mahali palipoandikwa nini kinafuata. Mmoja anataka blitzi, yaani gemu za haraka sana. Mwenzake anasema raundi za mwanzo alishinda kwa kishindo kuliko mpinzani wake, kwa hiyo apite yeye. Tukaishia kurusha shilingi. Aliyetolewa alininunia miezi miwili, na kusema kweli alikuwa na haki.

Somo hili ni la waandaaji na waamuzi wa klabu, ila hata mchezaji litamfaa. Kielelezo changu ni Kombe la Dunia la FIDE (shirikisho la chesi la dunia) lililochezwa Baku, Azerbaijan, mwaka 2023.

Kwanza: jua unavunja sare ya aina gani

Kwenye mashindano ya mfumo wa Uswisi, ambako hakuna anayetolewa na kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi kama zako, watu wakilingana pointi tunapiga hesabu. Maarufu ni ile ya Buchholz, ambayo hujumlisha pointi za wapinzani uliokutana nao. Kwenye mtoano hesabu hiyo haina kazi. Waliobaki mezani ni wawili, na mmoja lazima afungashe virago, kwa hiyo sare inavunjwa ubaoni. Yule bwana wa "nilishinda kwa kishindo" alikuwa anachanganya mambo haya mawili.

Pili: andika ngazi zote kabla gemu ya kwanza haijaanza

Baku walicheza gemu mbili za kawaida, zile za muda mrefu, kwa siku mbili, kila mmoja akishika nyeupe mara moja. Wakilingana, siku ya tatu wanarudi kwenye ngazi hizi:

- gemu mbili za dakika 25 kwa kila mchezaji, na nyongeza ya sekunde 10 kila anapocheza
- gemu mbili za dakika 10 na nyongeza ya sekunde 10
- gemu mbili za dakika 5 na nyongeza ya sekunde 3
- gemu moja moja za dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, rangi zikibadilishana, mpaka mmoja ashinde

Gemu ni mbili mbili ili rangi zizunguke. Kushinda ni pointi 1, sare ni nusu. Ukipata 1.5 au 2 kwenye ngazi, umepita. Ikiwa 1–1, mnashuka ngazi inayofuata mkiwa sawa kabisa.

Mfano ulionoga kuliko yote ni robo fainali ya Wahindi wawili, Praggnanandhaa na Arjun Erigaisi. Erigaisi alishinda gemu ya kwanza ya kawaida, Praggnanandhaa akairudisha ya pili. Dakika 25, wakalingana. Dakika 10, wakalingana. Dakika 5, wakalingana. Ikabidi waende kwenye gemu ya dakika 3, na hapo Praggnanandhaa akapita kwa jumla ya 5–4. Gemu tisa, mshindi kazidi kwa moja. Nusu fainali akamtoa Fabiano Caruana, pia kwa kuvunja sare.

Fainali alikutana na Magnus Carlsen. Gemu mbili za kawaida zikawa sare. Tarehe 24 Agosti wakakaa kwenye rapidi (gemu za kasi, ila zenye muda kuliko blitzi) ya dakika 25, na Carlsen akashinda ya kwanza akiwa na nyeusi. Ya pili alikuwa na nyeupe na alihitaji sare tu, basi akaifunga milango mapema, gemu ikaisha kwa hatua 22. Kombe likawa lake kwa 2.5–1.5. Mchezaji unayesoma hapa, zingatia hilo: kwenye gemu mbili, anayeshinda ya kwanza hucheza ya pili kama mtu aliyekwishalipwa mshahara. Ya kwanza usiichukulie kama ya kujaribia.

Ngazi ya dakika 10 na sekunde 10 huwachanganya wengi, wanaiita blitzi. Kanuni ya FIDE hupima muda kwa gemu ya hatua 60: sekunde 10 mara 60 ni dakika 10, jumlisha zile 10 za mwanzo unapata 20. Hiyo ni rapidi. Dakika 5 na sekunde 3 inatoa 8, nayo ni blitzi, kwa sababu mpaka wa blitzi ni dakika 10. Tofauti hii inagusa adhabu. Mtu akicheza hatua isiyo halali, mpinzani wake anaongezewa dakika 2 kwenye rapidi, na dakika 1 kwenye blitzi. Akirudia, amepoteza gemu.

Tatu: punguza ngazi zitoshee ukumbi wako

Usinakili Baku nzima nzima. Gemu moja ya dakika 25 na sekunde 10 ikifika hatua 60 inaweza kula dakika 70. Mbili ni saa mbili na ushee, na mlinzi ana funguo zake. Mimi sasa natumia hivi: gemu mbili za dakika 10 na sekunde 5, kisha mbili za dakika 3 na sekunde 2, kisha Amagedoni, gemu moja ya kumaliza ubishi nitakayoieleza hapo chini. Ukipiga hesabu ya hatua 60, yote hayahitaji zaidi ya saa moja na nusu, ukiacha mapumziko. Wape mapumziko, hata ya dakika kumi. Mtu aliyetoka kupoteza anahitaji kunawa uso.

Nne: saa

Hapa ndipo mashindano yetu mengi yanapoharibikia. Ukiwa na saa halisi moja, ipeleke kwenye meza inayovunja sare, hata kama kwa kufanya hivyo unaiondoa meza ya mgeni rasmi. Ukilazimika kutumia simu, izimie mtandao wote. Niliwahi kushuhudia blitzi, mwenye nyeusi amebakiwa na sekunde 9, simu ikaita. Skrini nzima: "Shangazi". Saa haionekani, wote wawili wamegandisha mikono hewani, na shangazi hakati. Tulibishana nusu saa muda ulikuwa umebaki kiasi gani.

Kingine, mwamuzi akae mezani, asiwe anazunguka. Kwenye rapidi na blitzi wachezaji hawalazimiki kuandika hatua, kwa hiyo kukitokea ubishi hakuna karatasi ya kurejea. Macho yako ndiyo karatasi.

Tano: kura ya rangi

Kitunda (kile kidogo cha mstari wa mbele) cheupe mkono mmoja, cheusi mwingine, nyuma ya mgongo, mbele ya mashahidi. Kura ipigwe mwanzo wa kila ngazi. Imetosha.

Sita: Amagedoni

Hii ni gemu ya mwisho isiyo na marudio. Nyeupe anapewa muda mrefu zaidi, lakini lazima ashinde. Nyeusi akipata sare, amepita. Kwenye Makombe ya Dunia kabla ya Baku 2023 ilikuwa dakika 5 kwa nyeupe na 4 kwa nyeusi, na nyongeza ndogo ilianza hatua ya 61. Anayeshinda kura huchagua rangi. Baku waliiacha wakaweka zile gemu za dakika 3 zisizo na kikomo, na kwa mabingwa naona ni haki zaidi. Kwa klabu yenye mlinzi, baki na Amagedoni.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Farasi wa Tanga: Mkuu, shukrani kwa somo. Nikishinda kura ya Amagedoni nichukue rangi gani?

Jibu: Wengi hukimbilia nyeusi kwa ajili ya ile sare. Ila jiulize wewe ni mchezaji wa namna gani. Kama kulinda kunakutoa jasho na kushambulia ndiyo furaha yako, ile dakika ya ziada ina thamani. Nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2017 kule Tbilisi, Levon Aronian alimtoa Maxime Vachier-Lagrave kwenye Amagedoni akiwa na nyeupe, akaenda kutwaa kombe.

Kitunda Mwendokasi: Kwetu kura huleta maneno, watu wanasema mwandaaji kaipanga. Hakuna njia nyingine?

Jibu: Ipo, mnada wa dakika. Kila mmoja anaandika kwa siri kwenye kikaratasi muda atakaokubali kucheza nao akiwa na nyeusi, huku nyeupe akiwa na dakika 5 kamili. Aliyeandika muda mdogo anapewa nyeusi kwa muda huohuo aliouandika. Mmoja akiandika 3:40 na mwenzake 3:15, wa 3:15 ndiye nyeusi. Hapo hakuna wa kulaumiwa, bei umepanga mwenyewe.

Dada wa Ngome: Kaka, tumebaki mfalme na farasi kwa mfalme na farasi, bendera ya mwenzangu ikaanguka, yaani muda wake ukaisha. Mwamuzi akasema sare. Ni sahihi?

Jibu: Si sahihi dada yangu, na hata waamuzi wakubwa wamewahi kuteleza hapo. Ubingwa wa dunia wa wanawake 2008, Nalchik, Urusi, ulikuwa wa mtoano. Monika Soćko wa Poland alikuwa na nyeupe kwenye Amagedoni dhidi ya Sabina-Francesca Foisor wa Romania. Wakabaki na farasi mmoja mmoja, muda wa Foisor ukaisha. Mwamuzi akatangaza sare, maana yake Foisor anapita. Soćko akakata rufaa na akashinda. Kanuni haiulizi kama ungeweza kumfunga mfalme kwa nguvu, inauliza kama kuna mfuatano wowote wa hatua halali unaofika kwenye mati (mfalme kunaswa bila pa kukimbilia), hata mpinzani akikusaidia kwa ujinga. Farasi kwa farasi upo, kwa sababu farasi wa mpinzani anaweza kumzibia mfalme wake mwenyewe njia. Lakini wewe ungekuwa na farasi na yeye mfalme mtupu, hiyo ni sare kweli.

Mzee wa Bao: Mwalimu, mbona shilingi unaiona aibu? Bahati nayo ni sehemu ya mchezo.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Kuna waliofanya kubwa kuliko sisi. Robo fainali ya wagombea wa ubingwa wa dunia, 1983, mjini Velden, Austria: Vasily Smyslov na Robert Hübner walicheza gemu 14, wakawa 7–7. Wakaamua kwa gurudumu la kamari kwenye kasino. Mara ya kwanza kijipira kikatua kwenye sifuri, si nyekundu si nyeusi, yaani hata bahati ilitoa sare! Walipozungusha tena ikaja rangi ya Smyslov. Mzee yule wa miaka 62 akasonga mbele hadi fainali ya wagombea, akakutana na Kasparov. Nakubali ni hadithi tamu, lakini jiweke kwenye nafasi ya Hübner.

Farasi wa Tanga: Na yule aliyekununia mlipatana?

Jibu: Tulipatana. Ndiye aliyetuazima saa ya tatu, kwa sharti kwamba karatasi ya kanuni aisome yeye kwanza.