Kuhudumia kompyuta za maktaba ya umma: anzia kaunta

Simu ninayopokea mara nyingi kuliko zote katika kazi hii ina maneno matatu: "Fundi, mfumo umekufa." Nikifika, mfumo mzima uko salama. Skana imechomoka, au kuna aliyebonyeza kitufe cha herufi kubwa bila kujua, au ukurasa umeachwa wazi tangu jana na muda wake umekwisha. Aliyeko kaunta hakuwa na namna ya kunieleza alichokiona, nami sikuwa na jibu zaidi ya "zima, uwashe".

Nimeandika hatua hizi kwa aliyekabidhiwa kompyuta za maktaba ya umma, awe fundi wa kuajiriwa au mkutubi aliyeambiwa tu kwamba "wewe unajuajua mambo haya". Zifuate kwa mpangilio huu. Niliwahi kuanza na seva, yaani kompyuta kuu inayotunza mfumo na kumbukumbu zake, kwa sababu ndiyo iliyonivutia, na nikatumia miezi kutatua matatizo ambayo hayakuwa yakimsumbua mtu.

Hatua ya 1: Kaa kaunta siku tano, usitengeneze kitu

Chukua kiti, kaa nyuma kidogo ya wanaoazimisha na kupokea vitabu, uwe na daftari. Andika saa, mtu alitaka kufanya nini, na alizunguka wapi njia ya kawaida ilipokwama. Hapo kwenye kuzunguka ndipo penye habari. Utamwona anayechomoa rauta kila asubuhi kabla hata ya kukaa, kwa sababu bila hivyo intaneti haiji. Utamwona anayechapa namba za vitabu kwa mkono wakati skana ipo, kwa vile yeye hutumia mkono wa kushoto na waya haufiki. Utaiona nywila moja inayotumiwa na watu sita, imebandikwa chini ya kibodi.

Hakuna hata mmoja kati yao atakayekuja kukulalamikia. Wameshazoea. Ukiwauliza kwenye kikao "mna matatizo gani?" watakujibu kwamba mambo ni mazuri isipokuwa printa.

Mkono utakuwasha kurekebisha. Jizuie. Ukianza kuchomeka nyaya siku ya kwanza, watu wataacha kufanya kazi yao na kuanza kukuletea simu zao.

Hatua ya 2: Kipe kila kifaa namba

Hii ni kazi ya siku moja. Bandika namba kubwa, inayosomeka kwa mbali, kwenye kila kompyuta, skana, printa na rauta. Tengeneza jedwali lenye namba, mahali kifaa kilipo, mwaka kiliponunuliwa, mfumo endeshi na nani anakitumia. Mashine zinazotumia Windows 10 ziwekee alama nyekundu: msaada wa kawaida wa Microsoft kwa toleo hilo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Zisizoweza kupanda toleo huwa bado zina nguvu ya kutosha kuendesha Linux, mfumo endeshi wa bure, na kivinjari kimoja, na mashine ya kutafutia vitabu kwenye katalogi haihitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: Njia moja ya kuripoti hitilafu

Daftari la karatasi kaunta, au fomu mtandaoni, vyovyote mtakavyokubaliana, lakini iwe njia moja. Mimi napenda daftari kwa sababu linafanya kazi hata umeme ukikatika. Kila mstari ujibu maswali matatu:

- Kifaa namba ngapi?
- Ulikuwa unajaribu kufanya nini?
- Skrini iliandika nini, neno kwa neno? (Picha ya simu inatosha.)

Maneno "haifanyi kazi" nimeyapiga marufuku kwenye daftari langu, kwa utani lakini kweli. Nawe ujibu kila mstari: tarehe, ulichokuta, ulichofanya. Mtu akikusimamisha kwenye korido na kusema "halafu ile kompyuta ya juu…", msikilize kwa heshima, kisha mwombe aandike. Wengine wataona unaringa. Baada ya wiki chache, wakiona yaliyoandikwa yanatengenezwa na yaliyosemwa koridoni yanasahaulika, wataandika.

Kuhusu nani ahudumiwe kwanza: kaunta, kisha kompyuta za wasomaji, kisha ofisi. Printa ya mkuu wa maktaba imo katika fungu la ofisi. Mweleze mapema, kabla haijaharibika.

Hatua ya 4: Wape wenzako vipimo vya kwanza

Hapa ndipo utakapopunguza simu kwa wingi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua mfano wa skana. Wengi kaunta hudhani skana ni sehemu ya mfumo wa maktaba. Ukweli ni kwamba skana nyingi hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi: husoma mistari ya msimbo, huchapa tarakimu kwa kasi, kisha hubonyeza kitufe cha kuingiza. Mtu akishalielewa hilo, anaweza kupima mwenyewe:

1. Fungua programu yoyote ya kuandikia, ile nyepesi kabisa.
2. Soma msimbo wa kitabu kimoja.
3. Tarakimu zikitokea, skana ni nzima. Tatizo liko kwenye ukurasa wa mfumo. Angalia kama kile kijistari kinachopepesa kiko ndani ya kisanduku sahihi.
4. Zisipotokea, chomoa waya, chomeka tundu jingine, rudia.
5. Zikitokea zilizoharibika, soma kitabu kingine. Kikisomeka vizuri, lebo ya kile cha kwanza imechakaa. Kisiposomeka, futa kioo cha skana na uandike kwenye daftari.

Ongeza jambo moja ambalo wapya hukosea kila mara. Msimbo uliochapwa nyuma ya jalada, unaoanza na 978 au 979, ni ISBN ya mchapishaji, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha chapisho. Nakala kumi za kitabu kimoja zote zina msimbo huohuo, kwa hiyo unafaa kutafutia taarifa za kitabu wakati wa kukiingiza kwenye katalogi, haufai kuazimishia. Cha kuazimishia ni lebo ya maktaba. Na kama maktaba yenu inafuata ile desturi ya tarakimu 14, ambapo namba ya kadi ya msomaji huanza na 2 na ya kitabu huanza na 3, wafundishe kuitazama tarakimu ya kwanza. Nusu ya "mfumo unakataa" itaishia hapo: kitabu kimesomwa kwenye kisanduku cha msomaji.

Andika vipimo vya namna hii kwa skana, printa na intaneti, kila kimoja ukurasa mmoja, herufi kubwa, na ukiweke kando ya kifaa chenyewe. Usivitunge peke yako ofisini. Mpe aliye mgeni kuliko wote avifuate huku wewe umekaa kimya. Atakapokwama ndipo pa kuandika upya.

Hatua ya 5: Kompyuta za wasomaji

Kwanza zitenge na mtandao wa kaunta. Rauta nyingi za kazini huweza kugawa mtandao katika sehemu mbili zisizoonana. Kama yenu haiwezi, nunueni inayoweza kabla ya kununua kompyuta nyingine hata moja. Mgeni mwenye kompyuta ya mkononi kwenye waifai ya maktaba hapaswi kuiona seva yenye majina na anwani za wanachama.

Pili, kila mashine irudi ilivyokuwa kila inapowashwa upya au kila msomaji anapomaliza muda wake. Zipo programu za kufanya hivyo, na baadhi ya mifumo endeshi ina akaunti ya mgeni inayojifuta. Usiamini maelezo ya programu, jipime. Kaa kama msomaji, ingia kwenye barua pepe ya majaribio, hifadhi faili kwenye kabrasha la vipakuliwa, ondoka bila kufunga chochote, kisha iwashe mashine upya na utafute. Nimeshakuta kwenye mashine moja wasifu wa kazi wa watu kadhaa, picha za vitambulisho na barua ya hospitali, vyote vikimsubiri anayefuata.

Faragha haiishii hapo. Historia ya vitabu alivyoazima mtu nayo ni siri yake. Koha, kwa mfano, ambayo ni programu ya kuendeshea maktaba, inaweza kusetiwa ili msomaji achague mwenyewe kama kumbukumbu hiyo itunzwe au ifutwe akisharudisha kitabu. Kama haijasetiwa kwenu, isetini.

Hatua ya 6: Nakala rudufu, tena iliyojaribiwa

Koha nimeitaja kwa sababu ni programu huria na maktaba nyingi duniani zinaitumia. Ilizaliwa New Zealand mwaka 1999, maktaba za Horowhenua zilipohofia kwamba mfumo wao wa zamani usingevuka mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ukiisakinisha kwa vifurushi vya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, hutengeneza nakala yake kila usiku. Watu husikia hivyo, wakalala. Nakala hiyo inakaa kwenye diski ya mashine ileile. Diski ikifa, vinakufa vyote.

Fuata kanuni ya kale ya mafundi: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Halafu, mara moja kila miezi mitatu, chukua nakala hiyo uirudishe kwenye kompyuta ya majaribio na umtafute msomaji mmoja unayemfahamu. Niliwahi kuamini faili zilizokuwa zikijipanga vizuri kila usiku kwa majina na tarehe. Siku nilipozifungua, zilikuwa tupu; diski ya kupokelea ilikuwa imejaa kitambo na programu haikumwambia mtu.

Hatua ya 7: Siku ya karatasi

Chagua siku isiyo na watu wengi, zima mfumo kaunta kwa saa mbili, na endeleeni kuazimisha. Wenzako watakuchukia asubuhi hiyo. Vumilia.

Fomu iwe na namba ya kadi, namba ya kitabu, tarehe na saa, basi. Jina lisiandikwe kwa ukamilifu, kwa sababu karatasi hupotea. Vitabu vinavyorudishwa vitengwe kwenye rafu yake na visiazimishwe tena mpaka viingizwe. Koha ina njia ya kurekodi bila mtandao na kupakia baadaye; kama mnaitumia, ijaribuni siku hiyohiyo. Mfumo ukirudi, ingiza kwanza vilivyorudishwa, kisha vilivyoazimwa, kwa kufuata saa.

Anayedhani hili ni la kupoteza muda aitazame maktaba ya umma ya Toronto, Kanada. Ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni mwishoni mwa Oktoba 2023, ikaendelea kuazimisha kwa kalamu na karatasi, na vitabu vilivyorudishwa vikarundikwa kwenye matrela kwa miezi vikisubiri mfumo. Mwezi huohuo British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, nayo ilivamiwa. Katalogi yake ilirudi Januari 2024, tena ya kutafutia tu.

Hatua ya 8: Fundisha kidogo kidogo, mikono nyuma

Dakika kumi na tano kabla ya milango kufunguliwa, mada moja, mara moja kwa wiki. Mada zitoke kwenye daftari la hatua ya tatu. Wewe usiguse kipanya. Anayejifunza ndiye anayekishika, hata kama anachelewa na roho inakuuma.

Kanuni hiyohiyo iwaongoze wanapomsaidia msomaji. Mfanyakazi aelekeze kwa mdomo na kidole. Asichape nywila ya msomaji, asiingize namba ya kadi yake ya benki, asibonyeze "kubali" kwa niaba yake. Muiandike kanuni hiyo na mkuu wa maktaba aisaini, ili msomaji aliyekasirika aonyeshwe karatasi badala ya kugombana na aliyeko kaunta.

Hatua ya 9: Nenda likizo

Weka nywila za seva na rauta kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwenye kabati la mkuu wa maktaba. Andika ukurasa mmoja: nini kinawashwa kwanza umeme ukirudi, nani apigiwe na kwa tatizo lipi. Kisha ondoka wiki mbili.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, simu ililia mara moja tu. Niliporudi, daftari lilikuwa na mistari kumi na moja mipya, tisa kati yake imeshajibiwa kwa miandiko nisiyoizoea. Miwili iliyobaki, yote ilikuwa ya printa.