Mambo ya kuzingatia kabla ya kudarizi kwa mashine ili uzi usitatane

Donge la nyuzi linaloonekana chini ya kitambaa mara nyingi limeanzia juu. Ukigeuza fremu inayoshikilia kitambaa na kukuta nyuzi zimejazana upande wa nyuma, mkono huenda moja kwa moja kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo chenye uzi wa chini, kwa kuwa huko ndiko vurugu ilipo. Lakini tazama rangi: nyingi ya nyuzi hizo ni za juu. Zimeshuka bila kubanwa, mashine ikashindwa kuzivuta zirudi, zikazidi kujizungusha kwenye ndoano inayozunguka bobini. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuzuia tatizo hili hufanyika kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza, na sehemu yake kubwa ni njia ya uzi wa juu.

Unapotunga uzi, mguu wa mashine, ule unaokandamiza kitambaa chini ya sindano, uwe juu. Hili ndilo la kwanza, na kama utakumbuka moja tu katika yote haya, bora liwe hili. Ndani ya mashine kuna visahani viwili vinavyoubana uzi ili uwe na mkazo. Mguu ukiwa juu visahani huachana. Ukiwa chini hubanana. Ukitunga mguu ukiwa chini, uzi hupita pembeni ya visahani badala ya kuingia katikati yake, na kwa macho huwezi kuona kosa lolote. Mkono ndio utakaokwambia. Kabla ya kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, uvute taratibu mguu ukiwa juu: utakuja kwa ulaini. Shusha mguu, vuta tena: sasa uzi ukatae, uhisi wazi kwamba kuna kitu kinaushikilia. Usipohisi tofauti kati ya mivuto hiyo miwili, uzi hauko mahali pake. Utoe wote, utunge upya tangu mwanzo. Kukimbilia kidude cha kurekebisha mkazo kabla ya kipimo hiki ni kuharibu mpangilio uliokuwa sawa.

Halafu kuna ule mkono mdogo wa chuma unaopanda na kushuka mbele ya mashine, ambao ndio unaouvuta uzi urudi juu kila baada ya mshono. Zungusha gurudumu la pembeni kuelekea kwako mpaka mkono huo ufike juu kabisa, ndipo utunge, na uhakikishe uzi umeingia kwenye tundu lake. Uzi ukiuruka mkono huu, hakuna wa kuuvuta. Donge litajitengeneza ndani ya mishono michache tu ya mwanzo.

Rola ya uzi nayo ina mambo yake. Kofia inayoizuia rola isitoke iwe kubwa kidogo kuliko mdomo wa rola. Ikiwa ndogo, uzi hunasa kwenye ule mkato wa kuhifadhia ncha, unakazwa ghafla, kisha unaachiwa ghafla, na mshono unaofuata unaharibika. Nyuzi za poliesta na rayoni zinateleza sana, huporomoka kutoka kwenye rola na kujikunja kabla hata hazijafika kwenye mashine. Kuivisha rola wavu mwembamba kunasaidia. Uzi wa metali ni mkaidi zaidi: hupenda rola isimame mbali kidogo na mashine ili ujinyooshe njiani, sindano yenye tundu kubwa, na mwendo wa polepole.

Sindano ibadilishwe mara kwa mara kuliko watu wengi wanavyofanya. Kipimo kinachotumiwa sana ni takriban saa 8 za kushona. Kwa uzi wa kawaida wa namba 40 (namba ya unene wa uzi), sindano ya kudarizi ya saizi 75/11 inafaa vitambaa vingi, na 90/14 kwa kitambaa kizito. Kwenye mashine nyingi za nyumbani, upande uliokatwa bapa wa shina hutazama nyuma, na sindano isukumwe juu mpaka igote kabla ya kukaza skrubu. Sindano iliyoshuka kidogo tu hufanya ndoano ikose kuudaka uzi. Ukiwa na wasiwasi na ncha yake, ipitishe juu ya ukucha; ikiukwaruza, itupe.

Kwenye bobini, tumia uzi mwembamba kuliko wa juu, kwa kawaida namba 60 au 90, maana namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba. Tumia aina ya bobini iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine yako, kwani bobini mbili zinaweza kufanana machoni na bado moja ikacheza ndani ya kikasha chake. Uzi uwe umezungushwa sawasawa, na ukiubonyeza kwa kidole usihisi kama sponji. Fuata mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka, kisha pitisha uzi chini ya kile kipande chembamba cha chuma kinachoubana. Ukiuvuta, uje na ukinzani mdogo usiobadilika.

Ukiwa hapo, zima mashine, fungua bamba la sindano, lile la chuma chini ya mguu, na usafishe. Manyoya ya uzi hujikusanya chini ya kikasha cha bobini na kushindiliana kama pamba ya mto, na kipande kidogo cha uzi kilichokatika kinatosha kuharibu mkazo wote wa chini. Tumia brashi. Usipulize, maana kupuliza husukuma uchafu ndani zaidi. Mafuta tia pale tu kitabu kinaposema.

Kitambaa kisichotulia hutatiza uzi hata kama mashine haina kosa. Sindano inapopanda, kitambaa kilicholegea hupanda nayo, kitanzi cha uzi hakikai vizuri, na ndoano hukikosa. Tiba yake ni stebilaiza, ile karatasi au kitambaa chepesi kinachowekwa chini. Kitambaa kinachovutika kama cha fulana kinahitaji ile inayokatwa kwa mkasi na kubaki. Pamba iliyofumwa imara inaweza kutumia ile inayochanwa. Taulo iwekewe na juu yake utando unaoyeyuka kwa maji, ili mishono isizame. Wamba kitambaa pamoja na stebilaiza yake, kikaze bila kukinyoosha, na usikivute tena baada ya kukaza skrubu ya fremu. Pitisha mkono chini ya fremu: mkono wa shati au pindo lililojikunja huko hushonwa pamoja na kazi bila wewe kujua.

Mchoro unaodariziwa nao ukaguliwe. Ukiupunguza kwa zaidi ya asilimia 20 bila programu kuhesabu mishono upya, mishono ile ile inabanana kwenye eneo dogo, sindano inagonga mahali pamoja tena na tena, na uzi unakatika au kujazana. Kwa uzi wa namba 40, nafasi ya karibu milimita 0.4 kati ya mistari ya mishono ni ya kawaida.

Sasa fanya jaribio kwenye kipande cha kitambaa kile kile. Darizi herufi I nene kwa mshono wa satini, ule wa mishono iliyobanana inayokwenda upande hadi upande, kisha igeuze. Nyuma, uzi wa bobini uonekane kama mstari katikati, takriban theluthi moja ya upana wa herufi, na uzi wa juu ukiuzunguka pande zote mbili. Usipouona kabisa uzi wa bobini, uzi wa juu umelegea. Ukitokeza upande wa mbele, wa juu umekazwa mno. Hapa ndipo kidude cha mkazo kinapopata kazi yake halali, na kisogezwe kidogo kidogo.

Unapoanza kazi yenyewe, shika ncha ya uzi wa juu kwa mishono mitano au sita, simamisha, ikate, kisha endelea. Ncha iliyoachwa huru hunyonywa chini na kuanzisha donge. Usiiache mashine peke yake. Mlio wake ukibadilika na kuwa mzito, kama unaogonga, simamisha papo hapo.

Weka karibu mkasi mdogo wenye ncha iliyopinda, kibanio, brashi, bisibisi na sindano mpya, kwa sababu hata maandalizi mazuri hayazuii yote. Donge likitokea, usiing'oe fremu kwa nguvu. Utachana kitambaa au kupinda sindano. Zima mashine, kata uzi wa juu karibu na sindano, inua mguu, ingiza mkasi kati ya fremu na bamba, ukate nyuzi chache chache mpaka fremu iachie. Toa kila kipande kilichobaki kwenye kikasha. Uzi uliobaki juu ukate karibu na rola na uuvute utokee upande wa sindano, usiurudishe nyuma, maana ukirudi huacha manyoya kwenye visahani. Badilisha sindano, tunga upya mguu ukiwa juu, rudisha fremu, kisha rudi nyuma mishono kumi hivi ili mpya ifunike pale uzi ulipokatwa.