Mafuta mapya kwenye ngozi ya malengelenge: yapime kwanza kwenye kidonda kimoja

Mzazi mwenzangu, ukipewa mafuta mapya ya mtoto mwenye epidemolisisi bulosa (ugonjwa wa kurithi ambao ngozi hutoa malengelenge na kuchubuka hata kwa msuguano mdogo), usimpake mwili mzima. Mwonyeshe daktari wa ngozi kwanza. Kopo lisiloandikwa viambato rudisha dukani, maana krimu nyingi za mitaani zina steroidi kali, dawa inayoweza kuifanya ngozi kuwa nyembamba.

Daktari akikuruhusu, chagua vidonda viwili vinavyolingana kwa ukubwa na umri, mfano goti la kulia na la kushoto. Kimoja kipate mafuta mapya, kingine kibaki na vaselini ya kila siku. Hapo ndipo penye kazi yote, kwa sababu vidonda vya ugonjwa huu hufunga na kufumuka vyenyewe, na mafuta yoyote yanaweza kupewa sifa isiyo yao. Utafiti wa jeli ya magome ya betula, mti wa nchi za baridi, ulionyesha hivyo: ndani ya siku 45, kidonda kilifunga kwa asilimia 41 ya waliopakwa dawa, lakini hata waliopakwa jeli isiyo na dawa, asilimia 29 walipona kidonda. Na jeli hiyo tupu ilitengenezwa kwa mafuta ya alizeti, zao letu la Dodoma na Singida! (Yale yalisafishwa kwa ajili ya dawa, ya kukaangia yabaki jikoni.)

Usisugue. Mimi hupaka mafuta kwenye chachi, si kwenye ngozi, kisha naizungushia bandeji laini bila plasta, maana plasta ikitoka hutoka na ngozi. Chachi ikigandamana, iloweshe kwa maji safi ya vuguvugu na umsubiri mtoto, itaachia yenyewe. Upepo wetu huu wa kipupwe ukianza kurusha vumbi, funga madirisha kabla hujafungua bandeji.

Kila unapobadilisha, piga picha zote mbili mwanga uleule, rula ikiwa pembeni bila kugusa kidonda. Muulize mtoto maumivu na muwasho, uandike. Picha nampa shangazi yake azilinganishe bila kumwambia goti lipi lina dawa. Mama mwenye hamu ya kuona mwanawe akipona huona nafuu mapema mno.

Wekundu ukisambaa, usaha ukitoka au homa ikipanda, acha mafuta na uende hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kinachogoma kufunga na kuota kinyama pembeni, hasa kwa kijana mkubwa, hakijaribiwi mafuta kabisa: daktari akikate kipande kipimwe saratani.