Serikali ikisema itakulipa uoe na uzae, piga hesabu hivi kabla hujasaini

Nchi nyingi sasa hivi zinahaha, vijana hawaoani na watoto hawazaliwi, Korea Kusini mwaka 2023 ilishuka mpaka wastani wa mtoto 0.72 kwa kila mwanamke wakati ili watu wasipungue inatakiwa kama 2.1 hivi, kwa hiyo serikali zimeamua kufungua pochi. Kama mnaishi kwenye nchi ya namna hiyo na wewe na mwenzio mmeanza kuangaliana kwamba aah, kumbe kuna hela, basi someni hii kwanza. Kuzaa au kutozaa ni mambo yenu ya ndani siingilii, mimi naongelea hela tu.

Anzeni kwa kujua ni hela ya aina gani, maana watu wakisikia milioni hawasikilizi tena kinachofuata. Keshi ndo rahisi kuelewa, inaingia kwenye akaunti mnaitumia mnavyotaka. Msamaha wa kodi ni mtamu kwa mwenye mshahara mnono. Hungary tangu 2020 mama mwenye watoto wanne au zaidi halipi kodi ya mapato maisha yake yote, linasikika jambo kubwa kweli, ila kama huna mshahara unaokatwa kodi umesamehewa nini sasa? Halafu kuna hela ambayo ni yako lakini huishiki. Urusi wana mtaji wa uzazi, ulianza 2007, na hela yake kwa sehemu kubwa ni ya nyumba, masomo ya watoto au pensheni ya mama, huendi kuitoa ukafanyie shopping. Kama hamna mpango wa nyumba, ile namba kubwa ya kwenye tangazo kwenu nyie ni ndogo.

Mkopo ndo wa kukaa nao chini kabisa, na kalamu mkononi. Mfano mzuri ni mkopo wa hao hao Hungary, waliouanzisha 2019, wanandoa walikuwa wanakopeshwa mpaka forinti milioni 10 (tangu 2024 ni milioni 11) bila riba, kwa masharti ya kupata mtoto ndani ya miaka mitano. Mtoto wa kwanza akizaliwa marejesho yanasimama miaka mitatu, wa pili wanafuta asilimia 30 ya deni lililobaki, wa tatu deni lote linafutwa. Tamu eeh? Sasa geuza ukurasa. Miaka mitano ikipita hamna mtoto, mkopo unageuka kuwa wa riba ya kawaida na ule unafuu wa riba mliokuwa mmeshaupata mnadaiwa mrudishe, labda mwangukie kwenye misamaha ya kiafya. Yaani mnakuwa na huzuni ya kukosa mtoto na barua ya benki juu yake. Mimba haifuati ratiba ya benki bana, kuna watu wanatafuta miaka saba. Kwa hiyo mkiletewa mkopo wa namna hii msianze na "tukizaa watatu tunapata nini", anzeni na "tusipopata hata mmoja tunadaiwa kiasi gani, na tukiachana je, nani analipa", na kama jibu la hilo swali linawatoa jasho msisaini, hata karani acheke vipi.

Keshi nayo ina hesabu yake. Chukueni jumla yote, gaweni kwa miezi 216, ambayo ni miezi ya kumlea mtoto mpaka afike miaka 18. Singapore kwa mtoto wa kwanza na wa pili aliyezaliwa kuanzia katikati ya Februari 2023 wanatoa dola 11,000 za kwao, ukigawa haifiki hata dola 51 kwa mwezi. Na haiji hivyo kwa usawa, 7,000 zinaingia ndani ya mwaka na nusu wa kwanza halafu inabaki 400 kila miezi sita mpaka mtoto afike miaka sita na nusu, basi, baada ya hapo mjipange (hapo sijaweka akaunti ya maendeleo ya mtoto ambayo serikali nayo inaichangia, hiyo ni ya kuiangalia pembeni). China mwaka 2025 wametangaza yuan 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto mpaka afike miaka mitatu, jumla 10,800, gawa kwa 216 unapata yuan 50 kwa mwezi. Sasa chukua Poland, wao wanatoa zloti 800 kila mwezi mpaka miaka 18, haina mbwembwe za tangazo lakini ukijumlisha ni zloti 172,800. Hela ndogo inayokuja kila mwezi mara nyingi inaipiga bao hela kubwa ya mara moja. Kasoro yake ni kwamba bei zinapanda yenyewe imesimama, hiyo ya Poland ilianza 2016 ikiwa 500, ikakaa palepale hadi Januari 2024 ndo ikawa 800, mkate haukuisubiri.

Masharti someni hadi yale ya maandishi madogo. Umri kwanza. Wilaya ya Changshan huko China mwaka 2023 ilitoa yuan 1,000 kwa wanandoa kama bibi harusi hajazidi miaka 25. Japani kuna msaada wa wanandoa wapya wa kodi ya nyumba na kuhama, hadi yen laki 6 kama wote wawili hamjazidi 29 na laki 3 mpaka 39, lakini kuna kikomo cha kipato na ni kwenye miji iliyojiunga na mpango tu, mkihamia mji wa jirani usiojiunga hamna kitu. Singapore wazazi lazima muwe na ndoa halali. Na tarehe! Australia walitangaza bonasi ya mtoto ya dola 3,000 kuanzia tarehe 1 Julai 2004, wachumi wakaja kukuta zaidi ya watoto 1,000 walisogezewa mbele siku ya kuzaliwa ili waangukie upande wa hela. Nyie msifanye hivyo, daktari ndo apange siku ya kujifungua, siyo hazina.

Jingine, usihesabu hela ambayo bado ni maneno ya kampeni. Hesabu iliyopo kwenye sheria leo, na hata hiyo ipigie kwamba inaweza kufutwa mtoto akiwa darasa la pili. Hiyo ya Australia iliondolewa 2014. Serikali nazo zinachoka, hasa zikiona matokeo hayakai: Poland wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulipanda hadi kama 1.45 mwaka 2017 halafu kufika 2023 ulishashuka chini ya 1.2, Hungary nao walikaribia 1.6 mwaka 2021 wakaja kurudi chini ya 1.4. Kwa maoni yangu ni kwa sababu wengi wanaochukua ni wale waliokuwa wanataka mtoto tayari, wanawahisha tu. Na hicho ndo kipimo ninachokushauri: kama mlikuwa mzae ndani ya miaka miwili mitatu ijayo, chukueni, ni punguzo la bei. Kama hamkuwa na wazo kabisa, dola 51 kwa mwezi isiwaamulie.

Afu msisahau kazi, maana gharama kubwa mara nyingi siyo nepi, ni mshahara wa yule anayekaa nyumbani. Ulizeni likizo ya uzazi inalipwa asilimia ngapi ya mshahara na miezi mingapi, baba naye anapata au ni mama tu, na sehemu ya kulelea watoto mchana ina nafasi au kuna foleni. Nchi yenye bonasi ndogo na chekechea ya karibu inaweza kuwafaa kuliko yenye bonasi nono na foleni ya mwaka mzima.

Mkishaamua, kusanyeni makaratasi mapema, cheti cha ndoa, usajili wa makazi, uthibitisho wa kipato, na mwombe kabla dirisha halijafungwa maana kuchelewa kunaweza kuwakosesha. Na kabla ya kujaza ile sehemu ya namba ya akaunti mkubaliane kwanza ni akaunti ya nani, nyumba zimegombana kwa kidogo kuliko hicho.